Tulipopita Otonglo Bila Kusimama

Klachi ya gari langu la kwanza niliiua mwenyewe, kwa kuijali. Ningekuwa mvivu kama majirani zangu, ingeishi. Gari nilikuwa nimelinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao miaka michache baada ya Uhuru, na kwa kuwa nilikuwa karani mwenye spana mbili na kiburi kingi, kila Jumapili baada ya kanisa nililala chini yake nikitafuta cha kurekebisha. Pedali ya klachi ilikuwa ikishuka kidogo hivi hivi kabla ya kushika. Niliona huo ni ulegevu. Nikawa nakaza nati iliyo mwisho wa kebo, wiki hii kidogo, wiki ijayo kidogo, mpaka pedali ikawa inashika mara tu unapoigusa. Ofisini nilijisifu.

Hakuna aliyeniambia kwamba ule ulegevu ndio uhai wa klachi. Ukiuondoa, klachi haishiki sawasawa hata mguu ukiwa mbali. Pleti yake inateleza, inasuguana na kuungua polepole. Mwezi ule Baba alipolazwa Kisumu, harufu ya kuungua ilikuwa tayari inanifuata kila kilima, nami nikajifanya siisikii.

Asubuhi moja daktari alituita, Mama na mimi, akatuambia hakuna la kufanya tena. Baba alikuwa ameshajua. Alitaka jambo moja, apelekwe Seme, karibu na Kombewa, akafie ndani ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Nikamwahidi kwamba jioni ile angelala kitandani kwake. Kisha nikamtuma mtu aliyekuwa akienda Otonglo, njiani kuelekea Seme, amwambie shangazi, dada pekee wa Baba, niliyemwita Waya kwa Kiluo na aliyeuza dagaa wa omena sokoni pale, asimame barabarani tumchukue.

Nilipotoka kwenda kuleta gari, injini ilinguruma na gari likasogea kwa shida tu. Nikalivuta hivyo hivyo hadi kwa fundi, mtu wa Nyeri aliyekuwa na gereji ndogo mjini. Alibonyeza pedali kwa kidole, akaniuliza ni nani aliyekaza hii. Nikasema ni mimi. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alieleza kwamba giaboksi ni lazima ishuke, na pleti mpya itoke Nairobi kwa treni, siku tatu zikienda vizuri. Nilimwambia mgonjwa wangu hana siku tatu. Nikakimbia mjini kuomba gari lingine, nikapiga magoti mbele ya watu ambao siku nyingine nisingewasalimia. Mwenye teksi mmoja aliposikia hali ya mgonjwa alisema hataki mtu afie kwenye kiti chake. Nikarudi gereji mikono mitupu.

Fundi alikuwa ameshailegeza ile nati.

"Nimejaribu, lakini pleti imeisha," alisema. "Hii gari ikishaanza kutembea itatembea. Enda pole pole, na usisimame, Bwana. Ukisimama, kuondoka itakushinda."

Nililiegesha kwenye mteremko nje ya hospitali. Tukamlaza Baba kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Mama, tukaondoka kwa kuteremka. Mguu wangu wa kushoto niliuweka mbali na pedali kabisa. Kila mbuzi aliyesogea kando ya barabara alinitoa jasho. Nilimwomba Mungu waziwazi, kwa sauti, na Mama hakuniambia ninyamaze.

Shangazi nilimwona kutoka mbali. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani, na kifurushi miguuni. Aliinua mkono. Nikapunguza mwendo kadiri nilivyothubutu, nikatoa kichwa dirishani nikamwambia gari halisimami. Hakunielewa. Nani angeelewa? Alianza kukimbia kando yetu, mama mzima, viatu vikibaki nyuma, akashika ukingo wa dirisha la nyuma.

Baba alifungua macho. "Simama," alisema. "Huyo ni dada yangu."

Nikamjibu kwamba klachi imekufa, kwamba tukisimama hatutafika. Mama alikuwa amemshika shangazi vidole. Injini ikaanza kutikisika kama inataka kuzima.

"Nimesema simamisha hii gari."

Nikakanyaga mafuta. Vidole vya shangazi vikaachia. Kwenye kioo nilimwona amesimama katikati ya barabara, mikono kichwani, na soko zima linamtazama.

Tulifika. Ahadi yangu niliitimiza, Baba alilala kitandani kwake. Lakini tangu Otonglo hakusema neno jingine, si kwangu, si kwa Mama. Basi la siku ile lilikuwa limeshapita, kwa hiyo shangazi alifika kesho yake, saa nne asubuhi. Alimwita kwa jina la utoto wao. Baba hakumtambua. Alikata roho mchana ule.

Wiki mbili baada ya mazishi, fundi aliishusha giaboksi. Pleti ilikuwa nyeusi, imeliwa hadi kwenye ribiti za chuma. Nikamsimulia safari yote, nadhani nikitaka anihurumie. Alisikiliza huku akifuta mikono, kisha akauliza kama mtu anayetaka tu kuelewa.

"Otonglo si ni soko? Watu hawakuwa?"

Nikasema walikuwa wengi.

"Si wangekusukuma."

Alipouona uso wangu akaanza kusema kwamba yeye aliwaza barabara tupu, kwamba mtu aliye na mgonjwa hawezi kufikiria kila kitu. Sikumsikiliza. Niliwaona wanaume waliokuwa wakishusha magunia ya mahindi pale, ishirini au zaidi, watu wanaomjua shangazi kwa jina. Wangelisukuma lile gari hadi Kisian, soko la mbele, bila kuombwa mara mbili. Nilikaa kwenye gurudumu kuukuu nikalia mbele ya wateja wake.

Shangazi aliniuliza mara moja tu, mwaka uliofuata, tukiwa wawili jikoni kwake.

"Ile gari ilikataa kusimama kweli?"

"Ilikataa, Waya."

"Basi hiyo si makosa yako," alisema, na nikamwacha aamini hivyo mpaka alipokufa.