Programu Isiyo na Mapambo

Mama mwenye ofisi alipotangaza kwamba taipureta zote zitauzwa, mimi ndiye niliyekuwa naandika kwa taipureta. Ofisi yetu ilikuwa kando ya soko pale Sumbawanga, chumba kimoja cha kuchapa barua, mikataba na kadi za harusi, na wateja walijua kwamba nachapa bila kutazama vidole. Hilo lilinivimbisha kichwa, siwezi kukataa. Lakini biashara zilikuwa zimefunguliwa, mitumba ya kila aina inaingia, na safari hii mitumba yenyewe ilikuwa kompyuta.

"Mwanangu," mama aliniambia, "atakayeweza kutengeneza kurasa za mtandao atabaki. Asiyeweza, nitamlipa kwa kazi gani?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja bei ya maharage.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Mwimbi, mfanyabiashara wa hayo hayo maharage. Alitaka wanunuzi wa mbali waone magunia yake na namba ya simu. Mdogo wake alikuwa anaishi Mbeya, na ndiye angeufungua ukurasa kwenye kompyuta za huko, kisha atupigie kutuambia unaonekanaje.

Kijana aliyetufungia kompyuta alitokea Dar es Salaam, na maneno alikuwa nayo mengi. Alinionyesha programu mbili za kuandikia kurasa. Moja ilikuwa tupu kabisa, dirisha jeupe ambamo unaandika kila amri mwenyewe. Nyingine ilijaa vitufe. Unaivuta picha kwa kipanya, unaiweka unapopenda, na programu yenyewe inaziandika amri kwa nyuma, bila wewe kuziona.

"Hii tupu ni ya nini?" nilimuuliza.

"Ya wazee hiyo, dada. We chukua hii ya kuvuta. Iko poa, utamaliza fasta."

Nikachukua ya kuvuta. Ukurasa wangu ulipendeza kuliko kadi yoyote ya harusi niliyowahi kuchapa: jina la mzee katikati, gunia kulia, maua pembeni. Mzee alikuja, akaiinamia skrini mikono ikiwa nyuma, akasema, "Hapo sasa." Siku hiyo nilirudi nyumbani natembea kwa maringo.

Kesho yake simu ya Mbeya ikalia. Yule mdogo wa mzee alikuwa mpole, na upole wake ndio ulioniumiza. "Dada, ukurasa umechelewa sana kufunguka," alisema. "Na ulipofunguka, gunia limekalia namba ya simu. Sasa mtu atampigiaje kaka?"

Skrini za huko zilikuwa ndogo kuliko yetu, kwa hiyo kila kitu kilikuwa kimehama. Nilifungua yale maandishi ambayo programu iliniandikia kwa nyuma, nikakuta kichaka. Sikuelewa mstari hata mmoja, na nisichokielewa ningekirekebishaje? Kijana naye alishakwenda Kasesya kufunga kompyuta za watu wengine. Mama aliyasikia yote, akaendelea kukata karatasi zake.

Kwanza nilikasirika. Nilimkasirikia kijana, nikakikasirikia kipanya, nikayakasirikia hata yale maua. Kisha nikajikaza kisabuni, nikafungua ile programu tupu.

Niliharibu kwa namna ambayo mchapaji wa taipureta tu angeweza kuharibu. Sisi tulikuwa tunaweka kichwa cha habari katikati kwa kuhesabu herufi, kisha kugonga kitufe cha nafasi mpaka tufike mahali pake. Nikafanya hivyo hivyo, kwa unadhifu wote. Nilipoufungua ukurasa, jina la mzee lilikuwa limejibana kushoto kabisa, na mistari niliyoitenganisha yote imeungana. Nikagonga nafasi zaidi. Jina halikusogea hata kidogo. Nilitoa neno ambalo sitaliandika hapa.

Ilinichukua muda kukubali kwamba huko nafasi nyingi hazihesabiki. Kinachosikilizwa ni amri, zile zinazofungwa kwenye mabano yenye ncha. Nikaandika moja ya kuweka katikati, na jina likahamia katikati kama limeitwa. Nikacheka peke yangu. Nikaandika nyingine, mstari ukakatika nilipotaka ukatike. Nikiifuta moja, kitu kimoja ndicho kilichoharibika, nami nilijua ni kipi. Nilianza kuipenda programu ile kwa sababu haikuniongezea kitu wala kunificha kitu. Tena kazi yenyewe ilikuwa ya kuchapa, na kuchapa, jamani, ndiko kwangu. Hata baridi ya Juni, ile ya Ufipa inayokufanya upulizie vidole kabla ya kuanza, haikunishinda.

Maua niliyatupa. Nikaweka jina, aina za maharage, picha moja ndogo, na namba ya simu juu kabisa.

Mbeya wakapiga tena. "Umefunguka hata sijakaa vizuri," alisema yule mdogo wa mzee. "Na namba naiona." Nikamwomba aisome. Akaisoma. Nikamwomba arudie, naye akarudia huku akicheka.

Mama hakunisifu, kusifu si kawaida yake. Lakini Jumatatu alikuja na wasichana wawili wa Pito waliomaliza kidato cha nne. Wakaniamkia shikamoo, mimi ambaye sikuwa nimezoea shikamoo ofisini.

"Hawa utawafundisha kurasa," mama alisema. "Waanzie programu ipi, wewe ndiye unayejua."

Niliwafungulia ile tupu. Mmoja alilitazama lile dirisha jeupe, akaniuliza kwa heshima kama kompyuta imeharibika.

"Haijaharibika," nilimwambia. "Inakusubiri uandike."

"Usiwakimbize," mama alisema akiwa mlangoni, tayari anatoka. "Mwakani ndipo nawataka wafanye peke yao. Maana mwakani wewe utakuwa umezidiwa na wateja."

Wasichana wakaanza kugonga, kidole kimoja kimoja. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Wiki chache nyuma sikuwa na uhakika wa kuumaliza mwezi, na sasa mtu ananipangia kazi za mwakani. Nikavuta kiti, nikakaa katikati yao.