Huku Nyuma

Mkurugenzi wa kikundi chetu cha maigizo hukaa kiti cha mwisho kabisa ukumbini, kile cha nyuma ya nguzo, kavua viatu, kafumba macho. Mazoezi anayatazama kwa masikio. "Tena," husema, na hafumbui macho mpaka kila neno limfikie. Ukinong'ona mapenzi yakaishia safu ya tatu, utayanong'ona mpaka ulimi uote sugu. Siku moja nikalalamika: "Mama, mbona tunasikika?" Akanijibu taratibu: "Huku nyuma nako kuna watu, mwanangu. Tena."

Juzi kapewa tuzo ya mkurugenzi bora wa maigizo. Wakubwa walikalishwa mbele. Sisi waigizaji, fundi taa na mshona mavazi tukabanana safu ya mwisho. Akapanda jukwaani, viatu mkononi kwa kuwa vilimbana. Wa mbele wakampigia makofi ya adabu, ya ncha za vidole, nasi kwa haya tukawafuatisha. Akafumba macho. Tukatazamana, maana tulijua kinachokuja.

"Tena," akasema kwenye kipaza sauti. "Huko nyuma nako kuna watu."

Fundi taa akapanda juu ya kiti. Tulipiga mpaka akafumbua macho.