Tangi la Lori Lisilo na Safari

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi, Mihayo Jilala amelala chali chini ya lori katika uwanja wa chama cha msingi cha ushirika, kijijini Mwajilimba, wilayani Bariadi. Kwa spana analegeza nati iliyo kwenye kitako cha tangi. Dizeli inachuruzika ndani ya chupa ya soda. Anaikaza nati, anatoka, anainua chupa juani na kusubiri.

Dakika tano zinapita. Kisha tone nene la maji linajikusanya chini ya chupa.

"Umeona?" ananiambia. "Maji ni mazito, yanakaa chini. Na injini inanyonya huko huko chini."

Anamwaga, anakinga tena, mpaka chupa inakuwa safi. Mkewe, Mektilda, anayepita na ndoo kichwani, hamwonei huruma. "Ng'ombe ungemkamua hivyo, tungeshakunywa maziwa."

Mihayo, mwenye miaka 53, ameendesha lori hili la tani saba kwa miaka kumi na tisa. Zamani halikulala: pamba kwenda kiwandani, mbegu na dawa kurudi vijijini, hata mahindi ya njaa. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, walikuja na mizani yao na magari yao. Msimu uliopita chama kilimpa safari nne tu. Mshahara wa mwezi ulikoma. Analipwa kwa safari, na anaishi kwa ekari mbili za mtama na mpunga.

Lori lililosimama lina adui asiyeonekana. Tangi likiwa tupu linajaa hewa. Mchana bati linachemka, usiku linapoa, na hewa ile inaacha umande unaotiririka kwenye kuta mpaka chini ya dizeli. Maji hayo huleta kutu, kisha ute mweusi unaoziba chujio.

Mihayo alilijua hilo. Kamati ya chama haikulijua. Juni 1997, mlinzi alipoachishwa kazi, kamati iliogopa wezi wa mafuta. Ikaamua dizeli ifyonzwe, ifungiwe kwenye pipa ndani ya ghala la pamba, tangini zibaki lita kumi. Kwa akili ya chama, mali ni ile iliyotiwa kufuli.

"Niliwaambia tangi halipendi njaa," Mihayo anasema. "Mwenyekiti akaniuliza, 'Wewe ni dereva au mganga?' Wakacheka. Na mimi nikacheka nao."

Novemba mwaka huo, mvua zikinyesha bila kukata, mkulima Nyanjige Salu, mwenye miaka 26, alishikwa na uchungu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Gari jingine kijijini hakuna, na hospitali iko Bariadi mjini, kilomita thelathini na mbili. Wakamimina lita thelathini kutoka kwenye pipa juu ya zile kumi zilizolala miezi mitano. Kilomita ya kumi na tisa injini ikakohoa, ikazima.

Mihayo alifungua chujio mvuani, akakuta ute. Akalifuta kwa kanga ya Nyanjige, akatoa upepo kwenye pampu. Injini ikawaka, ikaenda mita mia mbili, ikazima tena. Mara ya nne betri ikaisha. Wanaume waliowasindikiza wakambeba Nyanjige kwa kitanda cha kamba. Mtoto, wa kiume, alizaliwa kando ya barabara akiwa amekufa.

"Mikono yangu ilinuka dizeli," anasema Mihayo. "Hawakuniacha hata nimshike mtoto."

Baada ya msiba ule kamati ilikubali mafuta yarudi tangini. Mihayo hulijaza mpaka shingoni, hewa ikose pa kukaa. Amechomelea pete ya kufuli kwenye mfuniko. Dizeli mpya anaichuja kwa kitambaa kizito. Kila Jumamosi huwapeleka wachuuzi mnadani, injini ipate joto. Nauli zao hununua lita zilizoungua.

Mwenyekiti wa chama, Januarius Ndalahwa, hapendezwi. "Lori ni la pamba, si la wagonjwa," anasema. "Tunalitafutia mnunuzi. Akipatikana kesho, linaondoka kesho."

Asubuhi hii Nyanjige mwenyewe anakuja, mkono kiunoni, tumbo mbele.

"Mwangaluka, mayu," Mihayo anamsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama. "Mwezi wa ngapi sasa?"

"Mwangaluka, baba. Wa nane. Kila Jumamosi unaniuliza kama karani wa sensa!"

"Siku ikifika, utapanda?"

"Mume wangu anasema twende na mkokoteni. Ng'ombe wakinywa maji hawazimi." Anacheka peke yake. Mihayo anatazama chini. Nyanjige anagusa mlango wa lori, anasema, "Nitapanda, baba. Mkokoteni utafika lini?"

Mihayo ameiandikia kamati barua, akiomba lori lilale nyumbani kwa Nyanjige kuanzia Jumatatu ijayo mpaka atakapojifungua. Wiki mbili zimepita bila jibu.

Na wakikataa?

"Kazi waichukue," anasema, akijifuta mikono. "Ufunguo watakuja kuufuata hospitali."