Sahani ya Peke Yangu

Jirani yangu wa chini, hapa Fumba, akichoma papa mkavu jengo zima hujua. Wapo wanaofunga madirisha kwa kishindo ili asikie. Mimi hufungua la kwangu. Harufu ile ya chumvi na moshi hupanda ngazi ikaingia sebuleni bila kubisha hodi, nami nikatamani chakula cha usiku cha kwetu Mangapwani. Kisha roho hunisuta, na hamu yote huniishia.

Msimu wa kaskazi, joto likishika mpaka kuku wakawa wanatembea midomo wazi, mama hakuhangaika na mapishi mengi usiku. Alichemsha muhogo, akautia tui zito, akauacha jikoni mpaka tui likashikana. Papa alimchoma juu ya makaa, akamchambua kwa vidole, akakata embe mbichi nyembamba na kuitia chumvi na pilipili. Vyote viliingia katika sinia moja, tukala mkekani uani: mama, mdogo wangu Mize na mimi. Baba alikuwa akifanya kazi Pemba na tulimwona kwa nadra. Embe ile ilikuwa kali mpaka jicho moja linajifumba lenyewe, na hakuna aliyekubali kuiacha.

Nilipofika darasa la tano nilipelekwa mjini, Mkunazini, nikakae kwa shangazi yangu Bi Zuwena ili nisome huko. Kwa shangazi tulikula mezani. Kila mtu na sahani yake na kijiko chake, na katikati mkate wa kumimina uliopanda vizuri, unanukia iliki, pamoja na mchuzi wa kuku. Sikumbuki kuukosa muhogo hata siku moja. Nakumbuka tu kwamba nilijiona nimekuwa mtu.

Likizo ya kwanza nikarudi nyumbani na begi moja na maringo yasiyoingia begini. Usiku mama akaleta sinia. Nikalitazama, nikakunja mikono.

"Kwa shangazi hatuli hivi," nikasema. "Usiku tunakula mkate wa kumimina. Na kila mtu ana sahani yake."

Mize aliacha kutafuna. Mama hakunigombeza, na laiti angenigombeza.

"Ala! Kumbe," akasema. "Basi ntakupikia, mwanangu."

Kesho yake aliazima hamira kwa jirani, akaazima na sahani ya maua na kijiko. Hakuwa amepika mkate wa kumimina maishani mwake; alikuwa ameuona harusini tu. Aliroweka mchele, akautwanga, akakuna nazi, na mchana ule wa jua kali akakaa mbele ya moto, makaa chini ya sufuria na mengine juu ya kifuniko, jasho likimchuruzika mpaka kanga ikamganda mgongoni. Mkate ukatoka umelala, juu umeungua, kati mbichi.

Jioni alipindua ndoo, akaitandika kitambaa, ikawa meza. Akaweka juu yake sahani ya maua. Mimi nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, meno yake nimeyaelekeza pembeni, nimenyooka kama hakimu, nikaudonoa mkate kwa kijiko.

"Huu haukupanda kama wa shangazi."

"Kweli, mwanangu. Shangazi yako fundi. Mimi ntajifunza."

Kisha akarudi mkekani kwa Mize, wakala muhogo wao. Nilifurahi, niseme ukweli. Niliona nimepandishwa cheo. Kila mtu kwetu anajua kwamba anayepakuliwa peke yake ni mgeni, lakini miye sikuyafikiria hayo, nami nilikuwa na miaka yote ya kuyafikiria baadaye.

Mama alijifunza kweli. Kila nilipokwenda nyumbani nilikuta mkate umepanda, mweupe, umejaa iliki, na kuku amechinjwa, wakati mwingine yule yule anayetaga. Muhogo haukupikwa nikiwapo. Nilipokuwa mtu mzima nikaanza kuuomba, naye hucheka na kunipiga kofi dogo begani.

"Utoke mjini uje nkupe muhogo? Watu wataniambiaje?"

Kaskazi iliyopita niliamua kwenda bila kumwarifu. Nilifika baada ya sala ya magharibi, nikawakuta uani, mama, Mize na watoto wa Mize, wamelizunguka sinia. Muhogo wa nazi. Papa. Embe mbichi. Nikamwamkia mama, nikanawa mikono, nikakaa mkekani kabla hajapata nafasi ya kuinuka kwenda kutafuta sahani.

"Mpisheni mama mkubwa akae vizuri," Mize akawaambia watoto.

Wakanipisha. Wao walikuwa wanasukumana kwa viwiko, huyu akiiba embe ya yule, na mimi nikaachiwa upande mzima wa sinia. Mama akanisogezea minofu yote ya papa. Nikamega muhogo, nikautia mdomoni, na ladha ilikuwa ile ile, haikupungua hata chembe.

Mama alikuwa akinitazama mkono wangu unavyokwenda na kurudi, amejaa wasiwasi.

"Utatusamehe, mwanangu," akasema. "Hatukujua kama unakuja, ndo tumepika hichi hichi."

Wa kuomba samahani mkekani pale nilikuwa mimi, na mdomo wangu ulikuwa umejaa muhogo wake.