Jembe la Mama na Vita vya Kongo

Habari ilikuja na basi lililovuka kutoka Burundi: kambi ya wanajeshi wetu kule Kongo imepigwa makombora. Wabadilisha fedha wa Kabanga wakaidaka, na muda si muda ikawa imepanda mpaka kwetu Kibimba. Kaka yangu alikuwa kwenye kambi hiyo, na simu yake ilikuwa haipatikani.

Ungedhani watu wangekaa kimya. Thubutu! Asubuhi ua wa mama ulijaa wanaume, mabenchi yakatolewa, mjadala ukaanza utadhani bungeni.

Baba mdogo, aliyewahi kuwa mgambo na hajasahau, alishikilia kwamba jeshi lilikuwa lazima liende.

"Mmesahau wakimbizi walivyojaa Ngara hii mpaka kuni zikaadimika? Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji."

"Tulitia maji, au tulikwenda kushika wembe?" mjomba, mnunuzi wa maharage, akamjibu. "Haya, tuseme ilikuwa haki. Ndiyo kuwapeleka hivyo? Wachache, ndege hakuna, na nani anapigana upande gani haieleweki!"

"Wewe vita unavijulia wapi?"

"Na wewe umelinda nini zaidi ya ghala la pamba?"

Watu wakacheka. Wakacheka, jamani, na mama yangu yuko jikoni anasikia! Walinichosha. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba wote wawili walikuwa na hoja, na hakuna hoja hata moja iliyoweza kunipa sauti ya kaka.

Nikatoka uani kupata hewa, nikatazama bondeni. Mashamba yalikuwa matupu. Msimu wa kupiga matuta ya viazi, na hakuna mtu! Kwetu msiba ukitokea, jembe halishikwi mpaka marehemu azikwe. Majirani hawakuambiwa kuna msiba. Walijiamulia wenyewe, eti heshima. Mama naye alikuwa ametoka, amesimama nyuma yangu.

"Mbona hawalimi? Kafa nani?"

Wanaume wakageuka mabenchini.

"Shemeji," baba mdogo akaanza, "ni tahadhari tu, tunasubiri taarifa..."

"Tahadhari! Yaani mmeshamzika mwanangu?" Akachukua jembe lililoegemea ukutani.

"Dada, huo ni mwiko," mjomba akasema. "Ikiwa ni kweli, watu watasemaje?"

"Waseme. Mimi sina msiba."

Akashuka shambani. Nikachukua jembe langu, nikawageukia wale wa mabenchini: walioona ilikuwa haki kwenda waje walime, na walioona si haki waje pia, kazi ipo. Hakuja mtu. Tulilima wawili, jua linatuchoma, mama akiinua udongo kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona kwake tangu baba afariki. Nikaanza hata kuamini kwamba kaka yu hai.

Mchana baba mdogo akaja, simu mkononi. Alisimama ukingoni mwa shamba, akavua kofia.

Mama alimwona. Akainama tena.

"Usiseme kwanza," akamwambia. "Niache nimalize tuta hili."