U Pe Thaung Hajikuni Tena

Jua halijachomoza sawasawa, na kijiwe cha baiskeli za abiria nyuma ya soko la Pakokku kimeshajaa watu wasio na safari. Wamechuchumaa na vikombe vyao vya chai, wanamtazama mzee aliyekaa kwenye kiti cha abiria cha baiskeli yake mwenyewe. Miguu kaikunja, macho kayafumba. Mbu katua puani pake.

"Kimya!" ananong'ona Daw Ohn Yi, muuza vitunguu. "Akijikuna mara mbili, ni mbili hiyo."

Mzee hajikuni. Umati unaguna.

Kitendawili: ana magurudumu matatu lakini haendi, ana macho lakini haoni, kazungukwa na watu wala hana habari nao. Ukishindwa kukitegua, basi huna ndugu Pakokku. Ni U Pe Thaung, miaka sitini na moja, yumo kwenye kutafakari.

Hakuanza kwa kupenda utakatifu. Ulimi wake ulikuwa pilipili. Mwaka huu alimsimanga bibi harusi njia nzima kwamba ni mzito, hadi binti wa watu akashuka analia, poda yote imemchuruzika shingoni. Abiria wakaanza kukikwepa kijiwe kizima, na mapato ya kila dereva yakashuka karibu nusu.

Ko Lwin Zaw, mkuu wa kijiwe, akamwita pembeni.

"Mjomba, tunakuheshimu, lakini mdomo wako unatulaza njaa. Tunakupa miezi mitatu ya mvua, hii ambayo watawa wametulia monasterini. Ukimtukana mtu hata mmoja, tafuta kijiwe kingine."

Kijiwe kingine kiko juu mlimani. Magoti ya U Pe Thaung hayapandi mlima.

Mkewe, Daw Thet Hnin, akampeleka kwa mtawa mkuu, akafundishwa kukaa saa nzima kila asubuhi akifuatilia pumzi yake, bila kutikisika. Nyumbani ikashindikana.

"Nina wajukuu watano na jogoo mmoja," anasema mzee. "Mwenye adabu ni jogoo."

Akahamia kijiweni. Mwanzoni alikuwa akikoroma. Siku nyingine hakai kabisa.

"Leo anakaa, kesho goti linauma," anasimulia Daw Thet Hnin. "Nikamuuliza, mbona goti haliumi ukienda kunywa chai?"

Kilichomnyoosha ni mbu. Asubuhi moja alijipiga shingoni mara tatu, kisha akajikuna mara saba. Daw Ohn Yi, aliyekuwa akipita na kapu lake, akacheza thelathini na saba kwenye bahati nasibu. Ikatoka! Kufika jioni soko zima linajua, maana kwetu mtu akitulia sana lazima anazo namba.

Tangu hapo U Pe Thaung hajaruka hata asubuhi moja. Ataanzaje?

"Nikichelewa wanakuja kunigongea. Siku niliyokuwa na homa walinibeba na blanketi langu."

Kujikuna nako kukawa mtihani. Alishika sikio kwa kusahau, fundi viatu akaifanya namba, akapoteza hela ya mchele.

"Nikaona aibu," anasema. "Sasa nikiwashwa naangalia tu. Kunakuja, kunakaa, kunaondoka. Mtawa aliniambia hivyo tangu siku ya kwanza, mimi nikadhani anapoteza muda."

Wiki ya mwisho ya mvua, akapiga chafya. Tano, zikafuatana. Daw Ohn Yi akaweka rehani hereni zake za dhahabu, akaiandika tano mara mbili, akacheza hamsini na tano. Haikutoka. Alikuja kijiweni na mwavuli mkononi kama rungu.

"We mzee tapeli! Chafya gani hizo za uongo? Nirudishie hereni zangu!"

Ko Lwin Zaw akaweka kikombe chini. Masikio ya U Pe Thaung yakaiva. Mdomo ukafunguka, na wenzake wakainamisha vichwa, maana walijua kinachofuata.

Akavuta pumzi. Akaishusha.

"Dada, mvua inakuja," akasema. "Panda nikufikishe kwako. Bure."

Daw Ohn Yi akapanda, akaendelea kutukana hadi mlangoni pake.

"Na mimi nilimtukana njia nzima," anakiri mzee, "ila kimoyomoyo. Tena nilimtukana vizuri sana. Mtawa kasema hayo ya moyoni tutayashughulikia mwakani."

Ko Lwin Zaw akatoa uamuzi. "Mjomba anabaki. Shida sasa ni hili kundi lake, linaziba njia ya abiria."

Msimu wa baridi ukifika, U Pe Thaung anakusudia kwenda kukaa siku kumi kwenye monasteri ya ng'ambo ya mto, asikojulikana.

"Huko hakuna wa kunigongea mlango. Nataka nione kama nitaamka mwenyewe."

Anatabasamu, anapanda baiskeli yake.

"Lakini siku ya kwanza," anasema, "nitajikuna mwili mzima."