Matone ya Abdi

Jicho langu lilivimba kwa ndani, na daktari akaonya kwamba nisipotumia dawa ya matone kila siku, nitapofuka. Kila asubuhi mume wangu Abdi alinishika kidevu, akasema bismillahi, akabonyeza chupa.

"Imeingia?"

"Imeingia."

Sikuhisi kitu, lakini mimi mjuaji nilidhani dawa za siku hizi ni nyepesi hivyo.

Jicho lilipozidi kuwa jekundu, tulirudi kliniki hapa Isiolo, nikalalamika kwamba dawa ni hafifu. Daktari akamwomba Abdi aonyeshe anavyoitia. Abdi akabonyeza kwa upole wake wote. Halikutoka hata tone.

"Mama," daktari akasema, "chupa hii bado haina tundu. Unakaza kifuniko kwanza, ndipo mwiba wake wa ndani uitoboe."

Abdi akanigeukia polepole.

"Sasa ni nini ilikuwa inaingia?"